Sikio la Fundi: Milio ya Magurudumu Mjini Goma

Miongoni mwa kazi za mikono zinazofanywa Goma, mji mkuu wa jimbo la Kivu ya Kaskazini nchini Kongo, ipo moja ambayo inapokamilika haiachi kitu cha kuonyesha. Seremala huacha meza, mwashi huacha ukuta wa mawe meusi, mchongaji wa chukudu huacha chombo chenyewe, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, kikiteremka kutoka mashambani na magunia ya viazi. Lakini fundi wa magari aliyetumia saa nzima kutafuta ni gurudumu lipi linalovuma, na kwa nini linavuma, humaliza kazi yake kwa maneno matatu au manne tu: beringi ya mbele, kulia. Maneno hayo ndiyo bidhaa yake. Kabla ya maneno hayo hakuna boliti inayostahili kufunguliwa, na baada yake kazi iliyobaki, ijapokuwa ni ngumu kwa mikono, inaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote mwenye spana na subira.

Sababu ya ufundi huu kustawi Goma iko chini ya miguu ya wakazi wake. Mji umekaa kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na upande wake wa kaskazini umesimama mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ambao umemwaga lava, yaani mwamba ulioyeyuka, mara tatu katika kumbukumbu ya watu walio hai: mwaka 1977, kisha tarehe 17 Januari 2002, mkondo wake ulipopita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege na kuingia ziwani, na tena tarehe 22 Mei 2021, ulipoikata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Lava hiyo ikishapoa huwa jiwe jeusi lenye vitundu na kingo kali, linaloparuza kama tupa, na mji haukuliondoa bali ulilisawazisha na kuendelea kuishi juu yake. Barabara kuu zina lami, lakini katika vichochoro vingi vya mitaa ya Majengo au Ndosho gari hupita juu ya mwamba wenyewe, au juu ya kokoto zilizopondwa kutokana na mwamba huo, na wakati wa kiangazi vumbi lake laini hupenya kila mahali ambapo mpira wa kuzuia uchafu umepasuka hata kidogo. Hakuna gurudumu linaloishi hapa maisha yaliyokadiriwa na watengenezaji wake.

Gurudumu lenyewe ni chombo chenye sehemu nyingi kuliko mpita njia anavyodhani. Nje kabisa kuna tairi, kisha rimu, yaani duara la chuma au la alumini linaloshika tairi. Rimu imefungwa kwa nati kwenye habu, ambayo ni kitovu cha gurudumu. Habu inazunguka juu ya beringi, yaani pete mbili za chuma kigumu zenye gololi au vipande vya mviringo katikati yake, ili kinachozunguka kisisuguane na kisichozunguka. Kando yake kuna diski ya breki na vile vibao vya kuibana vinavyoitwa plaketi. Kutoka ndani, katika magari mengi madogo, huja kardani, mhimili unaoleta nguvu ya injini. Na yote haya yameshikwa na mikono ya chuma, rotuli, springi na amortiseri, kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kila kimojawapo kinaweza kulia, na vyote hulia mahali pamoja, ndani ya nafasi isiyozidi sentimita 70, huku bodi la gari likizisambaza sauti zao kiasi kwamba mlio wa mbele kulia huweza kusikika kana kwamba unatoka nyuma kushoto. Kwa hiyo sikio peke yake, hata liwe kali namna gani, hudanganywa kwa urahisi. Ubora wa fundi hauko katika kusikia zaidi ya watu wengine, bali katika kujua aulazimishe mlio huo kujibu swali gani.

Swali la kwanza ambalo fundi mwema humuuliza mteja halihusu mlio ukoje, bali unasikika lini. Mteja husema gari inalia, na akisukumwa aeleze zaidi huanza kuuigiza mlio kwa mdomo, jambo linalochekesha wanafunzi wa garaji lakini lisilosaidia sana, maana mdomo wa binadamu haujui kutofautisha mvumo wa tairi na mvumo wa beringi. Wakati wa kusikika, kinyume chake, ni ushahidi. Mlio unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa gari, usiojali gia iliyotiwa wala mguu ulioko kwenye mafuta, ni wa gurudumu au wa kitu kinachozunguka pamoja nalo. Na njia rahisi ya kulihakikisha hilo ni kutoa gia gari likiwa mwendoni, mahali penye usalama, na kuliacha liserereke, kwani injini ikitulia na mlio ukabaki, injini imeshaachiwa huru katika kesi hiyo. Mlio unaokuja breki inapokanyagwa, au unaokoma inapokanyagwa, unaelekeza kwenye breki. Unaokuja usukani ukikatwa hadi mwisho huku gari linavuta, ni wa kardani. Unaokuja kwenye mashimo tu, gari likiyumba bila kujali mwendo, ni wa viungio. Hivyo, kabla hajainama, fundi ameshapunguza washukiwa kwa zaidi ya nusu.

Ipo hesabu ndogo nyuma ya maswali haya, ambayo mafundi wengi huitumia bila kuiandika popote. Tairi la gari dogo la kawaida, lenye kipenyo cha takriban sentimita 63, lina mzingo wa karibu mita 2, maana yake ni kwamba gari linapokwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kwa sekunde, kila gurudumu huzunguka mara 5 katika sekunde moja. Hakuna sikio linaloweza kuhesabu mapigo hayo kwa uhakika. Lakini dereva akiambiwa aende polepole, kilomita 7 hivi kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, gurudumu huzunguka mara moja kwa sekunde, na fundi anayetembea kando ya gari dirisha likiwa wazi anaweza kuhesabu: tiki moja kwa kila mzunguko ni jiwe lililokwama kwenye maua ya tairi, au msumari, au uvimbe wa tairi ambalo nyuzi zake za ndani zimeachana; mikwaruzo inayokuja na kuondoka mara moja kwa kila mzunguko ni diski iliyopinda. Jiwe huchomolewa kwa bisibisi na kesi ikafungwa. Uvimbe ni jambo jingine, na tairi la namna hiyo halifai kurudishwa barabarani hata kwa safari ya kurudi nyumbani.

Beringi haifuati hesabu hiyo ya moja kwa moja, na hapo ndipo ufundi unapoanza kuwa mtamu. Kwa kuwa gololi hutembea kati ya pete mbili, moja iliyotulia na nyingine inayozunguka, huzunguka polepole kuliko gurudumu, takriban mara 4 kwa kila mizunguko 10 yake. Kwa hiyo katika beringi yenye gololi 12, doa moja kwenye pete iliyotulia hukanyagwa na gololi karibu mara 5 kwa kila mzunguko wa gurudumu, na doa kwenye pete inayozunguka hukanyagwa karibu mara 7. Sikio la binadamu huanza kuyaunganisha mapigo kuwa mvumo mmoja yanapokaribia 20 kwa sekunde. Ukizidisha mapigo 5 kwa mizunguko 4 kwa sekunde unafika hapo, na mizunguko 4 kwa sekunde ni mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa. Ndiyo maana madereva wengi hueleza, bila kujua kwamba wanataja jambo la kihesabu, kuwa gari halina neno mtaani ila linaanza kuvuma likishafika barabara nzuri. Barabara nzuri haikuleta ugonjwa. Imeruhusu tu mwendo ambao ndani yake mapigo hugeuka sauti.

Doa hilo hutokana na nini? Mwaka 1900 mhandisi wa Sweden aitwaye Johan August Brinell alitangaza njia ya kupima ugumu wa chuma: gololi ya chuma kigumu hukandamizwa kwa uzito unaojulikana juu ya uso wa chuma kinachopimwa, kisha upana wa kishimo kilichobaki ukapimwa, na kadiri kishimo kilivyo kidogo ndivyo chuma kilivyo kigumu. Njia hiyo bado inatumika viwandani duniani kote, na wahandisi wameyapa jina lake hata makovu yanayotokea ndani ya beringi zilizopigwa kwa nguvu kupita kiasi. Gari linaloangukia jiwe la lava katika kichochoro cha Goma likiwa na abiria saba pale panapofaa watano hulifanya jaribio hilohilo bila maabara: gololi zinakandamizwa ghafla kwenye pete, kila moja inaacha kishimo chake, na kuanzia siku hiyo kila gololi inayopita juu ya kishimo inagonga. Mara nyingi mvumo hausikiki siku ya pigo lenyewe, kwa sababu vishimo ni vidogo mno. Kingo zake humegeka taratibu, vumbi na maji hufanya yaliyobaki, na dereva anayekuja garajini wiki kadhaa baadaye ameshalisahau lile jiwe, au hataki kulikumbuka mbele ya mwenye gari.

Ugumu mkubwa ni kwamba tairi nalo linaweza kuvuma kwa namna inayofanana kabisa. Amortiseri ikichoka, gurudumu hudundadunda badala ya kubaki limeilalia barabara, na tairi hulika kwa mabonde na vilima ambavyo jicho huvipuuza lakini kiganja hakivipuuzi. Fundi hupitisha mkono juu ya tairi, kwenda na kurudi, na upande mmoja ukiwa laini na mwingine ukikwangua, amepata mshukiwa wa pili. Njia ya kuwatenganisha wawili hawa ni kubadilisha barabara: mvumo wa tairi hubadilika gari linapotoka kwenye lami na kuingia kwenye vumbi, kwa sababu chanzo chake ni mgusano wa mpira na ardhi, ilhali beringi haijui gari limefika wapi. Njia ya pili ni kuhamisha matairi, ya mbele yakaenda nyuma, na kusikiliza kama mvumo umehama pamoja nayo. Ni kazi ya nusu saa isiyogharimu kitu ila jasho, na inashangaza ni magari mangapi yanauziwa beringi mpya kwa sababu tu hakuna aliyetaka kutoka jasho hilo.

Likishathibitika kuwa ni beringi, linabaki swali la upande. Hapa fundi hutumia uzito wa gari lenyewe: likipindishwa kushoto, uzito hulalia magurudumu ya kulia, na likipindishwa kulia, hulalia ya kushoto, hivyo mvumo unaokua gari likielekea kushoto huituhumu beringi ya kulia. Si sheria isiyovunjika, kwani beringi nyingi za siku hizi zina safu mbili za gololi na doa likiwa kwenye safu isiyotarajiwa huweza kusema kinyume, lakini ni dalili ya kwanza nzuri. Mjini Goma dalili hii ina mtego wake. Nchini Kongo magari hupita upande wa kulia wa barabara, wakati mengi kati ya yale yanayoingia kutoka Japani yamewekewa usukani upande huohuo wa kulia, kwa hiyo dereva hukaa ukingoni mwa barabara, hatua chache tu kutoka kuta za mawe ya lava zinazozunguka nyua, na kuta hizo humrudishia sauti za magurudumu yaliyo upande wake. Dereva wa gari kama hilo karibu kila mara atasema tatizo liko kulia. Fundi anayeujua mji wake hapuuzi maelezo hayo, ila huyapima: hukaa mara ya kwanza mahali pa dereva, mara ya pili kiti cha kushoto, mara ya tatu nyuma, na huchagua sehemu iliyo wazi isiyo na kuta, hata ikibidi kungoja foleni ya malori ipite.

Baada ya masikio huja mikono. Gari huinuliwa kwa jeki na kuwekewa vigingi imara chini, kwa maana jeki peke yake haiaminiki juu ya ardhi ya kokoto, na ajali za namna hiyo zimewapotezea mafundi vidole na zaidi ya vidole. Gurudumu hushikwa juu na chini, likatikiswa: likicheza, inawezekana ni beringi, na inawezekana pia ni rotuli, kile kiungio cha duara kinachoshikilia gurudumu kwenye mkono wake wa chini. Ili kuwatenganisha, msaidizi hukanyaga breki. Breki huibana diski na kuifunga habu pamoja na sehemu isiyozunguka, kwa hiyo mchezo ukipotea kosa lilikuwa ndani ya beringi, na ukibaki kosa liko kwenye rotuli. Likicheza linaposhikwa kushoto na kulia, hutazamwa viungio vya usukani. Kisha linakuja jaribio ambalo pengine ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu halihitaji sikio kabisa: gurudumu huzungushwa kwa mkono mmoja huku vidole vya mkono wa pili vikigusa springi kwa wepesi. Beringi nzima haihisiki. Beringi mbovu hupeleka mtetemo wake kwenye springi, na vidole huusikia hata pale karakana nzima inapopigwa na kelele za jenereta na nyundo za wachomeleaji.

Kuchanganya sikio na kiganja si uvumbuzi wa magaraji. Katika karne ya 19, reli zilipoenea Ulaya na India, walikuwapo wafanyakazi waliopita kando ya mabehewa stesheni wakigonga kila gurudumu kwa nyundo yenye mpini mrefu: gurudumu zima lililia kama chuma kizima kinavyolia, lenye ufa likatoa sauti iliyokufa, na walipomaliza kugonga waliweka mkono juu ya kasha la mhimili kuona kama limepata joto lisilo la kawaida. Fundi wa Goma hufanya vivyo hivyo gari linaporudi kutoka Sake au Kibumba, nje ya mji: hupeleka mkono karibu na kila kitovu, bila kukigusa mara moja kwa sababu kinaweza kuunguza, na kile chenye joto kuliko wenzake kinaulizwa maswali zaidi, ama kwa sababu ya beringi, ama kwa sababu ya breki isiyoachia.

Kuhusu kardani hakuna mengi ya kusema, kwa kuwa ni mshukiwa anayejitaja mwenyewe: gari likikatwa kona kali huku likivuta, husikika mfululizo wa kaka-kaka-kaka unaoharakisha pamoja na mwendo, na mpira wa kukunjana unaofunika kiungio, ukitazamwa, huwa umepasuka na kuitapika grisi yake. Viungio vya chini navyo, vinavyogonga kwenye mashimo, hupatikana kwa kutia nondo na kupenyua kidogo hadi kile kilicholegea kionekane. Kazi hizi zinahitaji uaminifu kuliko kipaji.

Breki, kwa upande mwingine, zina mlio mmoja ambao unaweza kuitwa wa Goma hasa. Nyuma ya diski kuna bamba jembamba la bati linalozuia matope, na kati yake na diski kuna nafasi ndogo ambayo kokoto ya lava, nyepesi na yenye pembe, huingia kwa urahisi na kukwama. Mlio wake ni mkwaruzo mkali wa chuma juu ya jiwe, mfululizo, wa kutia kichefuchefu, unaomfanya mwenye gari aamini kwamba gurudumu linakaribia kung'oka. Na tiba yake mara nyingi ni kurudisha gari nyuma mita chache, ili diski ikizunguka kinyume iisukume kokoto kule ilikotoka, au kulipinda bamba kidogo kwa bisibisi hadi kokoto idondoke. Haihitaji kipuri chochote. Lakini mkwaruzo unaofanana na huo huweza pia kuwa wa plaketi zilizokwisha kabisa, bati likasaga diski, na tofauti iko kwenye mguu wa dereva: mkwaruzo wa kokoto haujali sana breki, ilhali ule wa plaketi hukua breki inapokanyagwa. Kabla ya kufikia hapo, plaketi nyingi hutoa onyo lao wenyewe, mlio mwembamba wa kwiii unaotokana na kijibati kilichowekwa makusudi na mtengenezaji ili kianze kuparuza diski pale unene unapokaribia kwisha. Hilo ni moja ya mambo machache katika gari yaliyoundwa ili yasikike, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Kuna jozi moja ya milio ambayo inastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu mmoja ni mzaha na mwingine ni mauti. Gari likianza kuondoka, kutoka kwenye kifuniko cha gurudumu husikika kitu kidogo kikibingirika na kugonga, kisha mwendo ukipita takriban kilomita 10 kwa saa kinanyamaza. Kunyamaza huko kuna sababu: mzunguko ukishakuwa wa kasi ya kutosha, kitu hicho hubanwa kwenye ukingo wa kifuniko na hakianguki tena. Mara nyingi ni kokoto, na fundi huitupa huku akicheka. Mara nyingine ni nati. Gurudumu lililofungwa upya kando ya barabara na kwado, kama anavyoitwa nchini Kongo fundi wa kuziba matairi, lisipokazwa nati zake kwa mpangilio wa kukabiliana, moja kisha ile ya upande wa pili, hukaa limeinama kidogo bila kuonekana. Baada ya kilomita kadhaa za mawe nati hulegea, rimu huanza kugongagonga kwenye boliti, mashimo yake hutanuka kuwa mayai, na nati ya kwanza kudondoka huishia ndani ya kifuniko ikilia kama kokoto. Fundi mwema hakisii. Hukivua kifuniko hapohapo, kila mara, hata mteja akiwa na haraka, na kila anayetoka kwa kwado humwagiza arudi kukaza tena baada ya kilomita 50 au 100.

Kutambua si mwisho, kwani kipuri kipya kinaweza kuuawa siku ya kufungwa kwake. Katika magari ya kazi yenye habu za mtindo wa zamani, kama zile Land Cruiser ngumu zinazotumiwa na mashirika ya misaada, beringi za mbele hufunguliwa, husafishwa, hutiwa grisi upya na kukazwa kwa kipimo; lakini katika magari madogo mengi beringi imefungwa moja kwa moja na huingizwa kwa mashine ya kukandamiza, na pasipo mashine hiyo hutumika nyundo. Nyundo inayopiga pete ya ndani ili kuiingiza pete ya nje hupitisha pigo lote katikati ya gololi, na kovu la Brinell hupatikana kabla gari halijatoka garajini. Anayejua kazi hutafuta bomba lenye upana sawa na pete ya nje na kukandamiza hapo tu. Mteja akirudi baada ya mwezi na mvumo uleule, lawama huangukia kipuri kilichonunuliwa Birere, mtaa wa biashara ulio jirani na mpaka wa Rwanda, na mara nyingine lawama hiyo ni ya haki, mara nyingine siyo.

Itasemwa kwamba vyombo vya kielektroniki vitaufuta ufundi huu. Vimefika Goma pia, na fundi kijana huunganisha kifaa chake chini ya usukani na kusoma namba za makosa kwenye simu. Hilo ni jema kwa injini. Lakini kompyuta ya gari haina maikrofoni kwenye gurudumu. Inaweza kulalamika kwamba kihisi cha mwendo wa gurudumu fulani kinatoa habari zisizoeleweka, jambo ambalo mara chache husababishwa na beringi iliyolegea sana, ila kuhusu mvumo, kokoto, kiungio kikavu au nati ndani ya kifuniko, haina la kusema. Ujuzi huo bado hupitishwa kwa ukaribu: mwanafunzi huketishwa kiti cha nyuma katika gari la majaribio, huulizwa ni gurudumu lipi kabla mkubwa wake hajasema, na hukosea mpaka atakapoacha kukosea. Taasisi ya mafunzo ya kazi ya taifa, INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, na vituo vya ufundi kama kile cha Don Bosco Ngangi mjini humo, vimewapa vijana wengi msingi wa darasani, na msingi huo una thamani. Ila mafunzo ya sikio hayana mtihani wa maandishi, na ingefaa yawe na mtihani wa barabarani.

Udhaifu mkubwa wa kazi hii hauko kwa mafundi bali kwa desturi ya malipo. Mteja wa Goma, kama wa miji mingi ya Afrika ya Mashariki, hulipia kipuri na hulipia kufungwa kwake, lakini kusikilizwa kwa gari lake huhesabu kuwa ni salamu, kitu cha bure kinachotangulia kazi. Matokeo yake yanatabirika: fundi aliyegundua kokoto hupata shukrani, na yule aliyebadilisha beringi mbili ambazo hazikuwa na kosa hupata fedha. Januari 2025, mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 na benki zikafunga milango, fedha taslimu ziliadimika kiasi kwamba kila dola iliyotumika kwa kipuri kisichohitajika ilitoka kwenye chakula cha nyumba fulani, na hata bila ya vita hesabu hiyo hubadilika kidogo tu. Wenye magari, na hasa wale wanaoendesha teksi kwa mkataba, pamoja na mashirika yanayomiliki magari kwa makumi, wangejipunguzia hasara kama wangekubali mstari mmoja zaidi kwenye ankara, juu ya ule wa vipuri: gharama ya kutambua kosa, inayolipwa hata pale inapogunduliwa kwamba hakuna cha kubadilisha.